Mlango wa Jiko

Jumamosi, kabla jua halijakaa sawa juu ya Nzuguni,
nimeshapiga msasa kona ya Kikombo mara mbili.
Reli zangu ni spoku za baiskeli ya marehemu shemeji,
mataruma ni njiti, nimezihesabu, mia sita na arobaini,
na upana wa njia ni kiberiti kimoja kilicholala.
Kokoto nimezichekecha kwa chujio la chai.
(La chai, ndiyo. Hilo nalo litakuja kuulizwa.)
Nchi yote hii, kutoka Gulwe hadi Bahi,
imelala juu ya mlango wa jiko,
na jiko lenyewe, tangu Pasaka, linafungwa kwa kanga.

Kona hii ndiyo inayoniua.
Joto likipanda ubao unajikunja,
na kichwa cha treni, mota ya redio kaseti
ndani ya kopo la sadini,
kinafika pale kikikohoa,
kinainama kama mlevi anayetafuta funguo,
kisha chali.
Jumamosi nzima: chali. Chali. Chali.
Wiki nzima natoa kopi za vyeti vya watu,
ukurasa unatoka sawa na ukurasa;
hapa sijapata mzunguko hata mmoja.

Sechelela anapita na beseni.
"Abiria wamepona?"
"Haina abiria, ni ya mizigo."
"Mizigo gani?"
Sikuwa na jibu. Mabehewa yalikuwa matupu.

Jumapili, ibada imekwisha, mpwa wangu Ndahani kwenye keria,
daftari kwenye mfuko wa shati,
tukakanyaga pedeli hadi Ihumwa.
Upepo wa Dodoma hauombi njia:
unakujaza vumbi hadi kwenye meno,
ukitabasamu unatafuna mkoa.
Tukakaa kwenye tuta, upande wa reli ya zamani,
na zabibu za fungu la jero.
Saa tano. Saa sita na nusu. Mbuzi kumi na mmoja.
Ndahani akauliza kama tuwaandike.
Tukawaandika.

Saa nane kasorobo reli ikaanza kunong'ona.
Tulia, nikamwambia, hatujaiona
lakini chuma kimeshapata habari.
Ikaja: injini ya dizeli, rangi imechujuka,
matangi ya mafuta kumi na manne,
na mwisho kabisa mtu mmoja mlangoni, amevua viatu,
soksi zake zimeanikwa kwenye chuma.
Akatupungia mkono wenye mkate.
Namba tuliipata yote, tarakimu kwa tarakimu,
haikuwa na haraka ya kutunyima.

Ile ya umeme ilipita ng'ambo, jua likiegemea.
Hatukusikia kuja kwake. Ilikuwa haipo, ikawa ipo,
ikawa imekwenda,
na nyasi zikabaki zikiulizana.
"Umeiona namba?"
"Nimeona madirisha," akasema Ndahani. "Yalikuwa mstari mmoja."
Nikaandika saa, nikaacha nafasi ya namba wazi.
Huwa siandiki nisichokiona.

Usiku. Ubao umepoa.
Nikasukuma kipande cha kandambili chini ya kona,
unene wa sarafu, basi, si zaidi,
nikaunganisha betri.
Gulwe. Igandu. Kikombo, nikashika pumzi,
Kikombo kikapita.
Ihumwa, Dodoma, Bahi,
na kwa kuwa dunia yangu ni duara, Gulwe tena.

Sechelela alikuwa amesimama kizingitini,
sahani ya karanga mkononi,
sijui tangu kituo gani.
Hakusema kitu kuhusu chujio.
Akachagua karanga moja, akaimenya,
akaitia kwenye behewa la kati lilipompitia,
akauzunguka mlango wake hadi upande wa pili,
akaisubiri Bahi.
Ilifika. Akaila.

"Ijumaa nataka mlango wangu," akasema, akitafuna.

Nikafungua daftari, chini ya ile nafasi tupu:
Jumapili, saa tatu na dakika kumi usiku.
Treni ya mizigo. Mabehewa matatu.
Karanga moja, imepokelewa.