Ibara ya Kumi na Mbili

Tartu, majira ya baridi. Wino umeganda,
na Oskar Vihmand, mwalimu wa mantiki,
ameibana chupa kwapani kama mgonjwa anayepimwa homa,
akingoja lugha iyeyuke.

Taifa lina miezi kumi na mmoja.
Halijaota meno, lakini lina deni tayari,
lina stempu za barua, lina wajane.
Bunge limemwandikia: tuletee rasimu kabla ya Pasaka.

Karatasi hakuna. Zote zimekwenda vitani.
Anaandikia nyuma ya daftari za kodi
zilizookotwa katika kasri la baroni aliyekimbia:
huku, "Mamlaka yote ni ya wananchi",
huku, kwa hati ya karani iliyolala kama nyasi baada ya mvua,
"Tõnu wa kinamasini, magunia mawili ya shayiri, hajalipa."

Usiku anagombana na nafsi yake.
Rais awe na nguvu kiasi gani? Za kufunga mlango,
anaandika; anafuta; za kuufungua tu.
Uhuru ni nini? Anajibu kwa kurasa sita,
anazisoma kwa sauti, anazitia motoni.
Zinatosha kuchemsha viazi vitatu.

Leeni, mwenye nyumba, huleta maziwa, haulizi kitu.
Leo ameuliza:
"Hapa ulipoandika 'mtu', nami nimo?"
"Umo."
"Na mbwa wa baroni, aliyekula kutushinda?"
Mwanafalsafa akacheka. Leeni hakucheka.
Aliinua karatasi mbele ya taa
na herufi za nyuma zikapenya,
kinyumenyume, katikati ya neno "huru":
jina la baba yake.
Viboko kumi na vitano. Sababu: kuni.

Akakaa. Maziwa yakafanya utando.
Hakulia; alizifuata herufi kwa ukucha,
kutoka kulia kwenda kushoto,
polepole, maana kusoma alijifunzia ukubwani.
"Hii nipe."
"Ni ibara ya kumi na mbili, Leeni, ndiyo ile ya—"
"Najua ni ya nini. Nipe."

Machi, Tallinn. Ukumbi unanuka makoti yaliyolowa.
Wajumbe wanapekua. Mmoja, miwani yake imefungwa kwa uzi, anasimama:
Bwana Vihmand, baada ya kumi na moja inakuja kumi na tatu.
Umekosea kuhesabu?

Anajipapasa kwapa, kana kwamba chupa bado imo.
"Hapana," anasema. "Imechukuliwa na mwenyewe."