Chupa Nyuma ya Magunia

Niliikuta Jumanne, nikitafuta jembe,
nyuma ya magunia ya samadi,
umeivika soksi yako ya kushoto
kama kitoto kinachofichwa baridi ya Ipamba.
Dawa ya ukungu. Ya dukani.
Muhuri wake mzima.

Nikageuza ndoo, nikaikalia.

Wendelini, tulikubaliana.
Mwaka ule tulipochimbia miche mia mbili na kumi
kwenye ngwe aliyoiacha baba yako,
juu ya barabara ya Kalenga,
wewe ndiye uliyesema, ugali shavuni:
Hapa haiingii sumu.
Atakayekunywa kwetu anywe udongo na jua, basi.
Nikacheka. Nikakuongezea mboga.

Tangu hapo tumekuwa watu wa majivu na vitunguu saumu,
watu wa kuchemsha pilipili hadi jirani anapiga chafya,
watu wa kukamua ng'ombe alfajiri
majani yakapuliziwa maziwa
kabla Edita hajapata kikombe chake.
Bata watatu wanapita kati ya mistari
wakiokota konokono, wakijiona wenye shamba.
Mapipa mawili ya bluu
kwenye chumba kilichokuwa cha mbuzi.
Divai ya kwanza iligeuka siki.
Tukaitia kwenye kachumbari miezi minane
bila kulaumiana,
au tukilaumiana kidogo, kwa zamu.

Januari hii mvua haikujua kuaga.
Ukungu ulianzia mstari wa tisa,
weupe juu ya vichala vichanga
kana kwamba mtu amepita akichekecha sembe.
Ng'ambo ya bonde Mama Semkonda anagema ulanzi,
mbeta zake zimejaa hadi zinamwagika.
Kamwene, mke wa zabibu! akaniita.
Mwanzi wangu naukata ncha tu, unalia wenyewe.
Huo wako mpaka uuguzwe?
Sikuwa na jibu.
Nikanywa kata moja, nikapanda kilima.

Usiku wa kuamkia hiyo Jumanne nilikusikia ukitoka.
Nikadhani ni tumbo.

Basi nikaondoka pale kwenye ndoo,
nikaenda mstari wa tisa.
Bomba la kupulizia limelazwa kando, kavu.
Nyayo zako mbili zimezama hadi kifundo,
zimejaa maji,
na hazikwenda mbele.
Ulisimama muda gani, Wendelini,
gizani, na ada ya shule kichwani,
kidole juu ya kifuniko?

Sikukuuliza.
Jumatano nilichukua mkasi wa kupogolea,
nawe bila neno ukachukua wako.
Tukakata vyote vilivyoshika unga,
kichala baada ya kichala, karai baada ya karai,
tukavichoma bondeni.
Moshi ulinukia utamu.
Hilo sikulitegemea,
na ndilo lililoniliza.

Machi tulivuna kilichobaki.
Edita aliandika lebo kwa kalamu ya shule,
chupa arobaini na moja,
nne amekosea tarehe.
Paroko alichukua sita.
Akaonja papo hapo, akanyamaza,
akatazama dirishani kama anayekumbuka deni,
akaongeza mbili.

Ile chupa ingali nyuma ya magunia.
Niliirudishia soksi yake
na fundo nikalifunga ulivyolifunga.
Siku moja utaifuata, au hutaifuata.
Mimi nitajua kwa fundo.

Sasa ni Julai, baridi inauma hadi kwenye kucha.
Mizabibu imebaki vijiti;
mgeni angedhani tunalima kuni.
Tunapogoa, wewe mstari wa nane, mimi wa tisa,
bata wamejikunyata kwenye nyasi tulizotandaza.
Umeinama.
Suruali imepanda, na mguu wako wa kushoto
umevaa soksi yangu,
ile nyekundu, fupi, yenye tundu kisiginoni.
Naiona vizuri.
Nami pia siulizi.