Ngeli ya Pampu

Nimeuguza miaka thelathini na mmoja,
Mpwapwa, Kibaigwa, mwisho hapa Hombolo,
na mkono wangu haukustaafu nami.
Kitu chochote kinachopumua moshi hapa nyumbani
nakifungulia faili.

Daftari ni la kaunta. Jaladani
lina doa la oili lenye umbo la sikio.

*Mgonjwa: Pampu ya shamba la zabibu.*
*Umri: miaka tisa.*
*Analalamika: anakohoa asubuhi, mchana anatulia.*
*Uchunguzi: chujio la hewa limejaa vumbi.*
*Matibabu: limeoshwa kwa sabuni, limeanikwa kivulini.*
*Arudi baada ya saa hamsini za kazi.*

*Mgonjwa: Pikipiki.*
*Aliazimwa na shemeji Chilongola, Jumapili.*
*Amerejea akichechemea, mnyororo umelegea,*
*kilomita mia mbili na nne zimeongezeka*
*kwa mtu aliyesema anafika Ihumwa tu.*

Fundi Masima hufunua kurasa
kwa kidole kidogo, ndicho kisafi.
“Wenzako huniita mashine ikishakata roho.
Wewe unaniita na historia.”
Ndiye aliyenionyesha: kila Septemba
pampu yangu inaugua kifua,
miaka minne mfululizo, wiki ileile,
upepo unapoanza kuhamisha mashamba ya watu.
Niliyaandika yote mimi
na sikuwa nimeyaona.

Mwanangu Nyemo anafundisha Kiswahili Kongwa.
Likizo huja na kalamu yake nyekundu.
“Mama, pampu si mtu.
Andika *inakohoa*. Andika *imerejea*.
A- ni ya wenye roho.”
Nami namwambia, mwenye roho
ni yule unayeamka usiku kumsikiliza.
Anacheka, anasahihisha,
kurasa zangu zinatoka vipele.

Desemba hii alifika ukurasa wa jenereta.

*Juni 14. Umeme hakuna, siku ya pili.*
*Amewashwa saa moja jioni*
*kwa ajili ya mashine ya oksijeni ya Baba Nyemo.*
*Saa nne: ananguruma vizuri. Joto la kawaida.*
*Saa saba: nimeongeza petroli lita tatu.*
*Saa tisa: sauti imebadilika kidogo. Nipo naye.*
*Saa kumi na dakika ishirini: amezima.*
*Mafuta bado nusu tangi.*

Alisoma kwa sauti, kama anavyosomea darasa,
hadi *amezima*.
Kalamu ikabaki juu ya ile a-.
Kisha akasoma mstari wa chini, kimoyomoyo,
nikaona midomo yake ikiufuata
neno kwa neno.

Hakuuliza. Sikueleza.
Aliifunika kalamu, akaenda kuosha vikombe
ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Pampu anadai oili kabla ya Jumamosi.
Chilongola ametuma salamu, anataka pikipiki tena;
nimemwambia aje na kalamu yake.
Jenereta sijamwandikia neno tangu siku ile.
Hana kosa, hana ugonjwa.
Ila kila Jumamosi jioni namwasha dakika kumi,
mafuta yasigande kwenye kabureta,
naketi kwenye kigoda karibu yake,
vidole viwili juu ya bomba lake la mpira,
macho kwenye saa,
nahesabu.