Mizani ya Tumbe

Mnunuzi katandika gazeti, anapima mapezi tu.
La mgongoni bei kamili, la mkiani nusu.
"Kiwiliwili, Bi Time, mrudishieni bahari."

Juzi mgeni wa hoteli alimlipa Shaame
wakamvute papa, wapige picha, wamwachie.
Alitaka sifa.
Kwetu sifa ni mafuta ya ini, hupakwa mtumbwi.

Nami si malaika: natia papa chumvi
tangu sijavunja ungo.
Nyama mchuzini, ngozi msasa wa seremala.
Sikuwahi kumwonea haya.

Alfajiri wavuni kaja mmoja,
hana pezi hata moja,
matamvua yangali yakifunguka,
yakifumba, yakifunguka.

Nilitafuta kisu.
Kisu nilikuwa nacho mkononi.