Bapa la Tatu

Ghala, Maskati, karakana nambari kumi na tisa, mwezi wa nane.
Nje joto limegonga arubaini na sita,
ndani kiyoyozi kinakohoa,
na taa imelala chali mezani, tumbo wazi,
kilo thelathini na nane za lawama.

Lawama zimetoka jukwaani, jana, kwenye mazoezi.
Mkurugenzi alitaka mlango.
Si wa mbao. Wa mwanga,
usimame peke yake gizani,
na binti akae kizingitini asubiri barua.
Mabapa mengine yalitii.
La tatu likaenda nusu ya safari, likatetemeka, likagoma,
mwanga ukamwagika
hadi kwenye viatu vya mpiga kanuni.

Shinoj ananishikia tochi.
Kiswahili chake ni cha karakana tu:
lete, bado, polepole, haya sasa.
Kinatutosha.

Natoa skrubu sita, nazipanga kwenye kisahani cha kahawa
kama zilivyotoka,
nachomoa lango zima mithili ya droo.
Mabapa manne, membamba kuliko ukucha,
kila moja na mota zake mbili, kushoto na kulia.
Zikienda sambamba, bapa linaingia.
Moja ikitangulia, nyingine ikachelewa,
bapa linainama.
Ndiyo siri yote ya kuinama.

Chuma kimeungua.
Ncha zake zimeshika rangi za shingo ya njiwa,
buluu, zambarau, na kijani kisichojulikana kilikotoka.
Joto limelipinda bapa kwa unene wa unywele
na unywele huo mmoja
umelikwamisha kwa jirani yake.

Halafu, aliyenitangulia alitia mafuta.
Mafuta! Mbele ya moto ule!
Yamekauka, yamekuwa sukari guru.
Nakwangua, nafuta, nanyoosha juu ya kioo,
nalipitisha mbele ya jicho kama mtu anayesoma risiti,
kisha unga wa grafiti, kidogo,
chumvi ya mgonjwa.

Simu inalia. Mkurugenzi:
anataka kingo zote nne ziwe kali.
Namwambia haiwezekani.
Mabapa hayakai pahala pamoja, yangegongana;
yamepangwa tabaka, hili nyuma ya lile,
na lenzi ina jicho moja.
Ukiunoa ukingo wa chini, wa juu unafifia.
Kimya. Nasikia anavuta sigara.
"Basi chagua wewe."

Nimechagua kizingiti,
kwa kuwa binti anakalia hapo.
Juu kubaki na ukungu. Nani hutazama juu ya mlango
ila mrefu, anayeogopa kujigonga?

Miaka kumi na moja niko na vyuma hivi
na bado vinanishangaza:
havitoi mwanga, havipaki rangi, kazi yao kuzuia.
Mlango ni pale tu
ambapo chuma hakikufika.

"Haya sasa," anasema Shinoj.
Nabonyeza.
Bapa la tatu linateleza, linaingia, linasimama.
Hatusikii kitu. Tunatazamana
kama wazazi ambao mtoto amelala hatimaye.

Usiku wa onyesho nilimleta Shangazi Raiya,
mzaliwa wa Wete, miaka arubaini na tano Maskati
na bado anahesabu bei kwa shilingi kwanza.
Giza likaja. Mlango ukasimama.
Binti akakaa, barua haikufika,
na watu wakalia kwa Kiarabu, kimyakimya.

Kwenye gari, kabla sijawasha injini,
shangazi akanigeukia:
"Mlango ule kauchonga nani?
Hauna hata ufa. Huyo ni seremala wa haki.
Mmemlipa lakini?"

Nikazikunja kucha zangu nyeusi ndani ya viganja.
"Bado, shangazi."