Kwa Mujibu wa Kifungu

Neno la kwanza kitabuni maana yake ni kutelekeza.
Nimekianza kitabu hiki mara nne,
kwa hiyo hilo ndilo nilijualo kuliko yote:
kutelekeza, kutelekezwa, utelekezaji,
na nyuma yake kurasa mia sita
safi kama sahani za wageni.

Saa kumi na moja alfajiri. Lanzhou bado giza,
bomba la joto linaguguma ukutani,
na mimi, Mu Hongyan, miaka arobaini na mmoja,
mpima tope wa Mto Manjano,
nimekalia ndoo iliyopinduliwa bafuni
ili taa isimwamshe mtu.

Maneno nimeyabandika kila mahali.
Kwenye friji: kuganda, kudumu, chepechepe.
Kwenye pipa la mchele: uhaba.
Kwenye kioo: kunyauka. Hilo nililibandika bila nia mbaya,
likanitazama Januari nzima.
Mume wangu Guangde akitafuta chumvi
anakuta "kinyume chake".
Amezoea. Anatia kinyume chake kwenye supu, tunakula.

Binti yetu Ruoqing ana miaka tisa.
Neno la silabi sita analitamka
kama mtu anayeteleza juu ya barafu;
mimi nalipanda kama ngazi, nikihema kila kidato.
"Mama, usipigane nalo. Liachie."
Kisha ananipa mbili kati ya kumi,
na moja ya huruma.

Ninayojaza asubuhi, jioni hayapo:
maji kwenye pakacha.
Profesa Dou alisema, vipimo vyako ni vizuri,
miaka kumi na saba, bonde zima hakuna daftari kama lako.
Lakini Kiingereza (akakuna kidevu),
hamsini na tano. Chini ya hapo hata mimi sina mkono.

Basi Jumapili, jaribio la mwisho kabla ya Machi.
Ghorofa ya nne, watu thelathini na mmoja na makoti yao,
mbele yangu daktari wa meno anayenong'ona viambishi
kama anayehesabu deni.
Kifungu cha tatu. Mstari wa kwanza, moyo ukaruka:
ni habari za mito.
Ni habari za tope!
Kinasema tope ni uchafu ambao mto hujitahidi kuutupa,
na kwamba mto ukishafungiwa bwawa
hutoka safi, wenye afya.

Nikacheka peke yangu. Msimamizi akakohoa.
Mimi nimesimama ndani ya maji hayo hadi kiunoni.
Nimeyaona yakitoka bwawani meupe, yana njaa,
yakitafuna kingo,
yakila shamba la mahindi la akina Bai mwaka mmoja
na nguzo za kivuko mwaka uliofuata.

Swali la kumi na tisa: Kwa mujibu wa kifungu, maji hayo ni...
Afya ilikuwa B.
Njaa ilikuwa D.
Nilijua anachotaka mtunzi. Nilijua kabisa.
Ruoqing angesema: Mama, hawajakuuliza mto,
wamekuuliza karatasi.

Nikatia weusi D.

Hamsini na nne.
Swali moja, alama mbili.
Guangde aliisoma karatasi akiwa amesimama,
akamimina chai, akauliza,
"Na hizo alama mbili umenunulia nini?"
Huo nao mtihani.

Leo nimerudi kwenye ndoo, ukurasa wa mia mbili na nane.
Nimetafuta neno lao la tope,
lile laini linalobaki kiganjani maji yakishapita.
Maneno elfu tano na mia tano, nalo halimo.
Nimeliandika kwa penseli ukurasa wa kwanza,
herufi ndogo, chini ya kutelekeza.

Zimebaki wiki mbili. Kifungu kikisema maji yana afya
nitasema yana afya.
Nadhani.

Mlango unagongwa.
"Mama, toka. Nimebanwa."