Hesabu Nyuma ya Risiti

Kilonzo aliingia maabara yetu, Eneo la Viwanda,
mtungi wa manjano begani, uliowahi kuwa wa mafuta ya kupikia,
akautua juu ya meza yenye bango USIWEKE KITU HAPA.
"Nipimie. Ni maji yangu. Ndiyo ninayouza."

Siku ya tatu majibu yakatoka.
Vile visahani vilikuwa vimechanua madoa,
nami nikayahesabu doa kwa doa
kama anayechambua mchele wa mkopo.
Akachungulia. "Hawa vijidudu, Nyaboke, wana uzito gani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.
Nikageuza risiti yake, upande usio na muhuri.

Kila mililita: mia na hamsini.
Moja nukta tano, mara kumi kwa kipeo cha pili.
Mtungi: mililita elfu ishirini.
Mbili, mara kumi kwa kipeo cha nne.
Zidisha mbili kwa moja na nusu, nikamwambia, upate tatu.
Vipeo havizidishwi, hujumlishwa:
nne na mbili, sita.

3 × 10⁶

Ona, sifuri sita nimezikunja ndani ya tarakimu moja,
imemkalia kumi begani
kama mtungi ulivyokukalia wewe.

"Na mmoja wao?"

Gramu moja, mara kumi kwa kipeo cha hasi kumi na mbili.
Hasi maana yake nukta inarudi nyuma,
hatua kumi na mbili,
kama mtu anayerejea ploti stima imepotea,
akihesabu milango kwa kiganja.

Sita, ukitoa kumi na mbili: hasi sita.
Gramu moja ikatwe vipande milioni, uchukue vitatu.
Punje ya chumvi ingewashinda wote mara ishirini.

Kilonzo akacheka kidogo,
cheko la mtu aliyetajiwa bei asiyoiamini.
"Nauza mitungi mia kwa siku."
Ongeza mbili kwenye kipeo. Hasi nne.
Punje tano za chumvi, basi,
kwa siku nzima ya mkokoteni, Mukuru yote.

Akanyamaza. Nje lori lilikuwa likirudi kinyumenyume, likilialia.

"Mwanangu Mutheu, siku nne wodini.
Yeye umemwandika wapi?"

Nilitaka kusema hesabu haikuwa ya hilo.
Kalamu ikateremka yenyewe, chini kabisa,
pale wino wa ASANTE ulipopenya karatasi:
moja, mara kumi kwa kipeo cha sifuri.

"Kipeo cha sifuri si ni bure?"

"La. Ni moja.
Shika kumi, shika milioni, shika namba yoyote ila sifuri yenyewe,
ukiipa kipeo cha sifuri inabaki moja."

Akaikunja risiti, akaikunja tena, akaitia mfuko wa shati.
Mtungi hakuuchukua.
Upo bado. Tunauegemeza mlangoni
upepo wa alasiri usije ukatufungia nje.